Mpaka wa Kiwanja cha Mbadani

Mutsamudu, Aprili 1983

Dada yangu mpenzi Nadjati,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada, na shikamoo nyingine kwa kila mwezi niliokaa kimya. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Je, kifungua mimba wako ameshaanza chuo cha ualimu? Na majirani zetu wa Mchangani bado wanapika mikate ya ufuta asubuhi, au nao wameshahama? Mimi ni mzima, namshukuru Mola. Nimekonda kidogo, kwa hiyo usishtuke Rachadi akikuambia. Rachadi ndiye anayekuletea barua hii. Ni jirani yetu hapa Hombo, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mwaminifu anayekuja Unguja mara kwa mara. Nimempa mkononi kwa sababu barua za posta siku hizi hufika zikiwa zimeshafunguliwa, na nyingine hazifiki kabisa. Mpe chai, na umwache apumzike kabla hujaanza kumuuliza maswali.

Utaona hapo juu nimeandika Mutsamudu badala ya Moroni. Ndiyo, nimehama kisiwa, nimetoka Ngazija nikaja Ndzuani. Nimehama na nimepoteza kazi, na kabla hujashika kichwa naomba unisome mpaka mwisho, maana sikuandikii kulia. Nataka kukusimulia habari za mwanamke mmoja ambaye sijapata kuona mfano wake, na ukishamjua yeye utaelewa na yangu.

Unakumbuka nilikuwa nachora ramani katika ofisi ya ardhi pale Moroni, kile chumba cha nyuma chenye meza ndefu na dirisha linalotazama ukuta. Siku moja, mwaka juzi, aliingia mwanamke mnene kidogo, mrefu, amejitanda shiromani, zile nguo pana za wanawake wa huku zenye nyekundu na nyeupe, na mkono mmoja amebeba mkoba wa ukili uliojaa ndizi mbivu na vitabu pamoja. Akasema anaitwa Echat, ni mwalimu wa jiografia. Huku mwalimu huitwa fundi, kwa hiyo nikisema Fundi Echat usidhani anaranda mbao. Ni mtu wa Mutsamudu, lakini alikuwa amepanga chumba Magoudjou, juu ya duka la sabuni na sukari, kwa kuwa alikuwa anasomesha Moroni. Yeye alisema Kindzuani chake, mimi nikajibu kwa Kingazija changu chenye Kiunguja ndani yake, akacheka mpaka ndizi moja ikamwanguka. Akaniambia kwamba ninazungumza kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili.

Alichotaka ni ramani ya kiwanja cha kwanza cha ndege, kile cha Mbadani, kusini ya mji, kilichojengwa zamani kabla ya Vita vya Pili na kuachwa baadaye. Wanafunzi wake walikuwa wamemuuliza ndege zilishukaje mahali ambapo hata mbuzi hujikwaa, maana Mbadani pote ni mawe meusi ya volkano. Nikamwambia hatuna. Karatasi za serikali za zamani zilichomwa miaka ile ya mapinduzi ya huku, na kilichobaki kimeliwa na mchwa. Nilidhani atasikitika aende zake. Akamenya ndizi, akanipa nusu, akasema, "Basi tutaiuliza ardhi yenyewe. Ijumaa unatoka saa ngapi?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila siku ya mapumziko tulikwenda Mbadani, mimi na futi yangu ya kupimia na dira, yeye na mkoba wake. Dada, nimefanya kazi na wapimaji waliosoma Ulaya, lakini sijaona mtu anayeitazama ardhi kama yeye. Mahali penye vichaka vitupu kwangu, yeye aliinama, akageuza jiwe, akanionyesha chokaa iliyoganda upande wa chini. Kumbe pembe za kiwanja na kingo zake zote ziliwekwa mawe yaliyopakwa chokaa ili rubani ayaone kutoka juu. Mengi yalikuwa yamehamishwa, watu wamejengea mazizi. Hayo hakuyaamini. Aliamini yale tu yaliyozama ardhini na kukamatwa na mizizi, na kila tulipopata moja la namna hiyo aliliita "shahidi", akaniambia nipime.

Tulipata na msingi wa saruji wenye pete ya chuma, pale ulipokuwa mlingoti wa ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo. Fundi alisimama juu yake, akafungua ushungi, akauacha upepee. Ulikuwa msimu wa kusi. Nguo ikanyooka kuelekea mlima, na yeye akainua mkono na kunionyesha njia ya kurukia ilivyolala, kwa sababu ndege hutua ikiutazama upepo. Siku zilizofuata tukachimba kidogo hapa na pale kwa jembe la kuazima, tukakuta kokoto nyeusi zilizoshindiliwa, sawasawa na mkono wake ulivyoonyesha. Nilitamani ungekuwepo uone alivyofurahi. Alikaa chini juu ya kokoto zile akazipigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto.

Lakini kilichonifanya nimheshimu zaidi ni jinsi alivyouliza watu. Mimi niliwauliza wazee kiwanja kilifika wapi, na kila mmoja alikipeleka alikotaka. Wanaume, ambao baba zao walivunja mawe yale kwa nyundo, walikikuza; mmoja alikifikisha mpaka kwenye kilima. Fundi Echat alikwenda kwa wanawake, na hakuwauliza kiwanja kilikuwa wapi. Aliwauliza, "Mlipokuwa wadogo mlifukuzwa kutoka wapi?"

Bibi mmoja, Koko Mariamou, maana huku bibi huitwa koko, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa kuokota kuni, akaondoka naye hapo hapo na fimbo yake. Akatuonyesha mahali ambapo mlinzi aliwafukuza, na mahali ambapo aliwaacha. Akasema birikani hawakufukuzwa hata siku moja. Walichota maji huku ndege inashuka, na ndoo zikatetemeka. Wanawake wengine waliulizwa mmoja mmoja, na wote wakaishia mahali pamoja. Tukienda pale walipoishia, tukifukua, tunakuta shahidi wa chokaa. Nilimuuliza Fundi aliwezaje kufikiria swali lile. Akasema naye alikuwa msichana, na mtu hasahau alipokatazwa.

Sasa nikuambie habari ya birika hilo. Ngazija hakuna mito, unajua. Mbadani wanaishi kwa maji ya mvua yanayokusanywa kwenye birika kubwa la zamani, na jirani ya birika yako makaburi yao, na kuba ya shehe wao. Vyote viko upande wa kilima. Na hapa ndipo kazi yetu ya kupenda kujua ilipogeuka ikawa jambo la hatari.

Najua huko mnasikia redioni juu ya wale wazungu, askari wa kukodiwa, waliotua mwaka sabini na nane na kuipindua serikali. Tangu hapo ndio wanaoongoza Gadi ya Rais. Tunaishi nao kama mtu anavyoishi na mgeni aliyekataa kuondoka: tunawasalimia, hatuwaulizi kitu. Basi wakatamani uwanda wa Mbadani wapate mahali pa kufundishia askari na shamba la kuwalisha. Ikatoka amri kwamba ardhi yote iliyokuwa kiwanja cha ndege cha zamani ni ya serikali, na Gadi itaichukua. Kwa hiyo kadiri kiwanja kilivyokuwa kikubwa zamani, ndivyo watakavyochukua zaidi leo. Wakisema kilifika kilimani, kijiji kinapoteza maji yake na wafu wake pamoja.

Mkubwa wangu wa kazi, Bwana Tadjidine, aliniita. Yeye si mtu mbaya, dada. Ana watoto wengi na moyo mdogo. Aliambiwa kwamba nimekuwa nikipima Mbadani, akasema vizuri sana, basi nichore kiwanja, na mpaka niupitishe nyuma ya makaburi. Nikamwambia haukupita huko. Akatazama mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua haukupita huko.

Nilikwenda Magoudjou kumweleza Fundi Echat. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi juu ya kitanda. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Aliweka kalamu chini, akasema neno letu peke yake halitoshi, wala la mabibi wa kijijini, kwa sababu wakubwa watasema ni wenye mali wanaojitetea. Tunahitaji jicho la mtu aliyekuwapo na asiye wa Mbadani. Akakumbuka maneno ya Koko Mariamou kwamba kijana aliyejaza ndege petroli alikuwa mtu wa Ndzuani, jina lake Moindjié, na kwamba alipigwa picha na rubani mmoja. Huyo Moindjié alifariki zamani, lakini mjane wake yuko hai, anakaa Mutsamudu mjini, uchochoro mmoja na nyumba waliyozaliwa kina Fundi.

Basi tukaja huku. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona Mutsamudu, na niseme kweli, nililia kidogo. Ule mji wa mawe chini ya ngome, vichochoro vyembamba ambavyo hupiti ila kwa miguu, milango ya nakshi, sauti za watu kutoka madirishani: nilihisi nimerudi nyumbani kwetu. Mjane anaitwa Bibi Hayati. Ni mdogo wa mwili, macho makali, na kumbe alikaa Unguja utotoni, anazungumza Kiswahili cha zamani kizuri kuliko changu. Alitutolea picha kutoka ndani ya sanduku, imefungwa kitambaa. Kijana mwembamba amesimama na mkono juu ya bawa la ndege, anacheka. Nyuma yake mstari wa mawe meupe. Nyuma ya mawe, ukuta mfupi na kuba ya shehe. Nyuma ya kuba, kile kilima chenye nundu mbili.

Mawe yalikuwa mbele ya kuba. Makaburi yalikuwa nje ya kiwanja tangu siku ile.

Tukamwomba atuazime picha. Akaifunga tena kwenye kitambaa chake. Akasema, "Wanangu, huu ndio uso pekee wa mume wangu uliobaki duniani. Siutoi." Fundi Echat hakumsihi. Alimpa mkono kumuaga kwa heshima zote. Tulipofika mlangoni bibi akatuita. Akasema picha haitoki bila yeye, lakini hakusema kwamba yeye hatoki.

Na kweli alikuja, dada! Hajapata kupanda ndege maisha yake yote, yeye mke wa mjaza petroli. Alikaa kwenye kiti ameikumbatia picha kifuani, na tulipotua akamwuliza rubani kama alimjua Moindjié.

Mbadani tulifanya hivi. Tulishika picha mbele ya macho yetu, tukasogea kushoto na kulia mpaka ncha ya kuba ikakaa katikati ya nundu mbili za kilima, kama inavyokaa katika picha. Kisha tukarudi nyuma taratibu mpaka kuba ikawa kubwa kiasi kile kile. Palikuwa mahali pamoja tu panapokubali. Nikapigilia kigingi. Kutoka kigingi hicho nikaweza kupima mstari wa mawe ulikopita, nao ukaangukia mle mle walimotuonyesha mabibi. Bibi Hayati akauliza mpiga picha alisimama wapi, tukamwonyesha. Akauliza mumewe alisimama wapi. Fundi akaenda naye hatua chache mbele, akamwambia, "Hapa hasa, koko." Bibi akavua viatu, akasimama peku juu ya kokoto, na sisi tukatazama upande mwingine.

Nikachora kiwanja kama kilivyokuwa: kirefu, chembamba, kimeelekea kusi, na mpaka wake unaishia mbele ya birika na mbele ya makaburi. Ramani nikamkabidhi Bwana Tadjidine hivyo hivyo.

Siku ya kukagua ilipofika walikuja asubuhi kwa magari: mkubwa mmoja wa wizara, Bwana Tadjidine, askari, na mzungu wao, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu na adabu nyingi. Ramani ikatandazwa juu ya boneti la gari. Yule mzungu akaitazama, akasema kwa Kifaransa kwamba ni ndogo. Bwana Tadjidine alikuwa anajifuta jasho. Mkubwa wa wizara akaanza kusema kwamba wachoraji hukosea. Hapo Fundi Echat, ambaye hakualikwa na mtu, akajitokeza na shiromani yake, akasalimia wote, akasema, "Karatasi mnaweza kusema imekosea. Tupande kilimani tutazame."

Sijui kwa nini walikubali. Nafikiri ni namna alivyosema, kama anavyowaambia wanafunzi wafungue kitabu. Tukapanda. Juu pale, uwanda ulionekana vichaka na mawe meusi tu, hakuna umbo. Fundi akavua leso aliyojifunga kiunoni, akaipunga juu.

Wakatoka. Wanawake wa Mbadani, wazee kwa wasichana, walitoka majumbani mwao na kutembea mpaka kila mmoja akasimama kwenye jiwe lake, pale alipofukuzwa yeye, au mama yake. Nguo nyekundu, nyeupe, manjano, juu ya mawe meusi. Mstari ukaanza pwani, ukaja moja kwa moja, ukakata kona alipokuwa Koko Mariamou na fimbo yake, ukapita mbele ya birika, mbele ya makaburi, ukarudi pwani. Na katikati ya watu wale kiwanja kikaonekana, dada. Kilichozama miaka yote hiyo kikaonekana chote, na hata mimi niliyekichora nilishika kifua. Hakuna aliyepiga kelele, na ukiacha fimbo ile hakuna aliyebeba kitu mkononi. Walisimama tu.

Yule mzungu akatazama muda mrefu. Nadhani aliwahi kurusha ndege, maana aliinua uso akausikiliza upepo. Kisha akasema, "Ndiyo. Hapo mtu anaweza kutua."

"Na kule makaburini?" Fundi akamuuliza.

"Kule angekufa," akajibu.

Fundi akamwambia, "Asante, bwana. Nilitaka mkubwa huyu alisikie hilo kwako."

Tuliposhuka, mzungu akaitazama tena ramani, akaweka kidole pembeni chini, akauliza aliyeichora ni nani. Fundi Echat akapiga hatua moja mbele yangu, akasema, "Mimi."

Baada ya siku chache wakaja kupiga vigingi, wakavipiga kwenye mstari uleule waliosimama wanawake. Birika likabaki la kijiji, na makaburi pia. Sitaki kumsifu yule mtu, dada, maana najua wamefanya nini katika nchi hii, lakini vigingi viko pale na nimeviona. Bibi Hayati akarudi kwake na picha yake. Nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Walikubali mpaka, lakini hawakukubali kwamba watu wamekusanywa bila idhini yao na wakubwa wakaaibika mbele ya kijiji. Askari, waliomjua kwa sura tu tangu kilimani, walimfuata Fundi Echat shuleni, darasa likiendelea. Wanafunzi wanasema aliwaomba wamalize kuchora mto aliowapa, akachukua mkoba wake akatoka.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napakwepa tangu mwanzo wa barua, na nikiendelea kupakwepa nitakuwa sijakuandikia kitu. Ramani ile haikuwa na jina la Echat. Ilikuwa na jina langu. Alikuwa ameniomba atie lake yeye, akasema hana mume wala mtoto wa kutishiwa, lakini mimi ndiye niliyechora, na kwetu wachoraji anayechora ndiye anayetia jina, nikakataa. Kidole cha yule mzungu kilikuwa juu ya jina langu alipouliza. Na siku waliyomchukua, walimchukua kama Djaouharia. Alitembea kwenda kambi ya Gadi kwa jina langu, na huko ndani akaliitikia.

Bwana Tadjidine alijua. Alinifungia mlango wa ofisi akaniambia, "Binti yangu, wameshampata waliyemtaka. Nenda nyumbani, nyamaza, sote tutasalimika." Hakusema kwa ubaya. Nilikwenda nyumbani kweli. Nikapika, sikula. Nikavaa buibui la marehemu mama, lile ulilonipa bandarini, nikaenda mpaka lango la kambi. Kijana aliyekuwa zamu alikuwa Mngazija. Nikamwambia jina langu, na kwamba ramani wanayoiuliza niliichora mimi. Akanitazama, akasema pole pole, "Dada, rudi nyumbani. Sijasikia ulichosema." Nikakisema tena, kwa sauti.

Basi nami niliwekwa ndani, Nadjati. Ndiyo sababu hukupata barua. Tulikuwa kwenye ghala lililonuka vitunguu. Fundi Echat aliponiona alinifokea kwa Kindzuani mpaka nikashindwa kufuata maneno, akaniita mpumbavu, mtoto wa kuharibu kazi za watu. Halafu akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka. Walituuliza nani aliyetutuma na nani aliye nje ya nchi anayetupa maagizo. Fundi aliwaeleza habari za upepo wa kusi na kutua kwa ndege, kila siku upya, kwa subira, kana kwamba wameshindwa mtihani na anawapa nafasi nyingine. Sikupigwa. Yeye alipigwa kofi mara moja, na hakuacha kueleza.

Waliotutoa ni wanawake wa Mbadani. Walikuja na masufuria ya wali na samaki, wakakaa nje ya lango, wakasema wameleta chakula cha wafungwa wote, na walinzi pia. Wakarudi kesho yake, na kesho yake. Koko Mariamou aliletwa kwa mkokoteni. Hakuna askari aliyejua la kufanya na wanawake wanaopakua wali, na wale vijana wa zamu wengi walikuwa watoto wa vijiji vya jirani. Mwishowe tukaambiwa tutoke, na tusionekane tena Moroni.

Ndipo tukaja Ndzuani. Tunakaa Hombo, karibu na hospitali, kwa mama yake Fundi, ambaye ananilisha kama aliyeambiwa aninenepeshe nichinjwe. Fundi amekatazwa kusomesha shuleni, kwa hiyo watoto wanamfuata barazani. Mimi nawachorea mafundi seremala nakshi za milango, kazi ninayoipenda kuliko nilivyofikiri. Bibi Hayati hututembelea siku za Ijumaa, na hukubali kutuonyesha picha tukimwomba kwa adabu.

Ujumbe wako wa Moroni umenifuata mpaka huku, kwamba shemeji amenipatia nafasi katika ofisi ya ramani huko Unguja, na kwamba umeshanitengea chumba. Nilikaa nao siku nyingi ujumbe huo. Unajua nilivyokuwa naota kurudi tangu baba aliponileta huku nami msichana, wewe ukabaki na mumeo. Lakini siji, dada yangu. Watu wa Mbadani bado wanatuma mjumbe kuuliza mstari unapita wapi hasa, upande huu wa mti au ule, na nawajibu. Kesho atakuja mkubwa mwingine, mzungu au mtu wetu, asiyeona siku ile kilimani, na atauliza nani aliyesema makaburi si ya kiwanja. Mtu aliyetia jina lake kwenye ardhi lazima awepo anapoulizwa. Naomba unisamehe, na umwombe shemeji radhi, na chumba hicho mpe kifungua mimba wako asomee.

Usinihofie. Nisalimie watoto wote, kila mmoja kwa jina lake, na majirani wa Mchangani, na shangazi ukienda Mkokotoni. Fundi Echat anasema anakusalimu, na anakuomba umpe Rachadi karafuu za chai, za huku hazimridhishi. Mama yake anakuombea dua. Watu wakikuuliza nimekuwaje, waambie niko Mutsamudu, nina kazi, nina rafiki, na kwamba sijapata kuwa na furaha kama hii. Nakubusu mikono.

Ni mimi mdogo wako,

Djaouharia